Kisima cha Mburu na Jeconia

Kapsoya, Eldoret
21 Januari 2024

Kwa Wangeci wa Isaiah,

Nakusalimu wewe pamoja na hiyo nyumba yako ya ghorofa ya sita, ambayo siku niliyoipanda nilifika juu nikiwa nimekufa nusu. Mimi niko. Mguu wa kushoto unauma kukiwa na baridi, na kukiwa na jua pia unauma, haujui likizo. Kaka yako Ng'ang'a yuko, ananenepa. Yule kuku wa rangi ya majivu alitotoa, mwewe akachukua wawili, waliobaki wamekuwa wakubwa na wana kiburi. Mama Opondo anakusalimu sana. Anasema ulimwahidi leso ya Nairobi wakati wa Krismasi, ukamletea soda. Nimemwambia watu wa benki ndivyo walivyo, wanaahidi kwa kinywa na kulipa kwa soda.

Utashangaa kwa nini ni barua. Ile simu nimemrudishia Ng'ang'a. Watu wa mikopo ya simu walikuwa wananipigia hata nikiwa kanisani, ati namjua fulani, ati nimwambie fulani alipe. Mimi nimekuwa askari wao? Tena kwa simu wewe husema "ndio Shosho, ndio Shosho," na huku nasikia ukigonga kompyuta. Karatasi haiwezi kuniambia ndio Shosho. Nilisoma ngumbaru nikiwa na mvi, na sikusoma ili kalamu iwe pambo la kabati. Hii utaichukua kwa ofisi ya mizigo ya basi, na wewe utajibu kwa njia hiyo hiyo.

Sasa neno langu. Vyumba vya kupangisha alivyojenga Ng'ang'a kwa mkopo wa benki yako vimekwisha na wapangaji wameingia vyote. Vina rangi ya maziwa mbele na nyuma havina rangi, kama mtu aliyeoga uso tu. Sisemi ni vibaya. Nilitia sahihi mwenyewe, taito ya ploti ni yangu, hakuna aliyenishika mkono. Lakini choo cha hao watu wote kimechimbwa juu, karibu na barabara, na kisima kiko chini, hapo kwenye ua wa kayaba. Wewe umesoma. Maji hupanda mlima?

Fundi alichimba kidogo akagonga jiwe, ndivyo Kapsoya ilivyo, akasema inatosha. Haitoshi. Kitu kikikosa kwenda chini kinaenda kando. Tangu mwezi jana maji ya kisima yana harufu. Si nyingi. Ni kama harufu ya nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi.

Kisima hicho si changu peke yangu, wajua. Babu yako Mburu na Jeconia wa Mama Opondo walikichimba pamoja, mmoja ndani na mwingine akivuta ndoo, wakibadilishana, kwa mpaka wa ploti hizi mbili ili mtu asije akasema ni changu. Sisi wake zao tunateka hapo tangu tukiwa na meno yote. Anayeamka kwanza humjazia mwenzake mtungi na kuuweka kwenye pengo la kayaba. Sijawahi kumwekea mtu maji yenye harufu.

Wewe ndiye mkubwa wa huo mkopo wa vyumba huko makao makuu. Mwambie Ng'ang'a afunge hicho choo achimbe kingine chini. Mimi nikimwambia ananiambia, "Shosho, hayo mambo ni ya kiufundi." Nikitafuta fimbo anaondoka na pikipiki.

Mimi mamake baba yako,
Waithira


Nairobi
18 Februari 2024

Shosho mpendwa,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Barua yako ilikaa ofisi ya mizigo nikidhani ni mahindi umenituma, nikawa nangoja nipate mtu wa kunisaidia kubeba. Nilipoenda nikapewa bahasha. Nilicheka peke yangu, kisha nikaisoma nikaacha kucheka.

Mimi niko salama. Kazi ni nyingi mpaka Jumamosi. Mwambie Mama Opondo leso yake ninayo, ya rangi ya zambarau, nitaileta mwenyewe.

Shosho, nimefurahi kusikia vyumba vimejaa. Unajua ni watu wangapi walinicheka hapa niliposema tuwakopeshe watu wa mitaa kama Kapsoya, wasio na payslipu, wenye taito tu na bidii? Sasa mkopo wetu ndio unaoongoza. Ng'ang'a alikuwa anazeekea kituo cha boda boda, leo ni mwenye nyumba. Fundi wa mawe amepata kazi, mwenye mbao amepata kazi, hata huyo anayeuza chapati langoni.

Kuhusu maji, nimeongea na Ng'ang'a. Anasema ni msimu wa kiangazi, maji yamepungua, na kisima kikipungua hunuka kidogo. Nimemtumia pesa akununulie tanki la mvua la plastiki, uwe na maji yako safi mlangoni usihangaike na kamba na mguu wako.

Na nikuambie jambo moja ambalo tulifundishwa. Wataalamu wamechunguza nchi nyingi zilizokuwa kama yetu. Pesa zikianza kuingia, mikopo ikifika kwa watu, uchafu huongezeka kwanza. Ni kawaida. Halafu watu wakishapata, wanaanza kudai maji safi na hewa safi, wanajenga mabomba ya maji taka, wanasafisha mito. Inapanda, kisha inashuka. Sisi tuko pale inapopanda. Tuvumilie kidogo.

Wako akupendaye,
Wangeci


Kapsoya
3 Machi 2024

Wangeci,

Nimepokea salamu. Tanki limefika, ni jeusi, limesimama hapo kama askofu. Mvua haijanyesha kwa hivyo ndani kuna mjusi.

Hao wataalamu wako nimewasikia. Nimeisoma hiyo sehemu mara mbili, ya pili kwa sauti, Mama Opondo akiwa ameketi hapa anachambua omena. Akaniambia, "Mama Isaiah, uliza hao watu: huku wakingoja kutajirika ili wasafishe, wanakunywa nini?" Mimi nikasema swali lake lina akili kuliko barua yako. Basi nakuuliza. Wanakunywa nini?

Tena usiniambie kuvumilia. Neno hilo waambie wapangaji.

Sisemi mkopo ni shetani. Nimeona Ng'ang'a akivaa kiatu kisicho na tundu, na mimi ni shosho yake, nilifurahi. Lakini toka nje utazame. Mstari wote huu wa kwetu, kila ploti imepata vyumba. Pale nilipokuwa napanda viazi na managu, ni mabati. Kwa jirani wa juu, mabati. Ile miti ya msonobari ya pale kona ilienda yote kuwa mbao za kupaua. Kila mwenye taito amepata mkopo, na kila mwenye mkopo amechimba shimo moja fupi juu ya jiwe. Kule chini kwenye kinamasi tulipokuwa tunafua blanketi, maji yana povu la kijivu, na ndege wale wa miguu mirefu hawaji. Mama Opondo ananiambia, "Nyinyi watu wa pesa, siku moja mtajenga chumba juu ya kaburi na mmuulize marehemu kodi ya Januari." Nikamwambia na nyinyi watu wa ziwa mtamzika mtu na suti na redio na hamjalipa daktari. Tulicheka mpaka akamwaga omena.

Wiki jana alikuja mtu wa afya. Alichukua maji kwa chupa, akarudi, akapaka alama nyekundu kwenye mfuniko wa kisima. Ng'ang'a alisugua alama hiyo jioni na petroli, ati wapangaji wataogopa. Nilimchapa na mwiko. Mtu wa ndevu, nikamchapa na mwiko.

Nilimwambia Mama Opondo achote maji kwa tanki langu mvua ikinyesha. Alinijibu, "Tanki ni la nyumba yako. Kisima ni chetu." Akabeba mtungi wake akaenda. Yeye hunywa maji mabichi kutoka kwa nyungu, hapendi ya kuchemsha, anasema yaliyochemshwa ni chai iliyokufa.

Sasa nijibu swali moja, na usinizungushe na msimu wa kiangazi. Benki yako iliuliza vyumba ni vingapi. Iliuliza kodi itakuwa ngapi. Iliuliza mavi yataenda wapi?

Waithira


Nairobi
28 Aprili 2024

Shosho wangu,

Natumaini mvua haijawaletea shida. Huku Nairobi ni balaa, mito imeingia nyumba za watu, barabara zimekatika. Nisamehe kwa ukimya. Mwezi wa tatu nilipandishwa cheo. Sasa mkopo wa vyumba utaenda kaunti nyingine, na mimi ndiye nitausimamia. Nilitaka kukuambia kwa mdomo nione uso wako.

Nimekutumia katoni ya dawa ya maji. Kifuniko kimoja kwa mtungi mmoja, ungoje nusu saa. Mpe pia Mama Opondo.

Kuhusu choo, nimefikiri sana. Shosho, elewa hali. Kikifungwa, vyumba havina choo, na vyumba bila choo wapangaji wanahama. Wakihama hakuna kodi, na bila kodi mkopo haulipwi. Mkopo usipolipwa kwa muda, si mimi tena, ni watu wa mnada. Wataweka ploti yako gazetini. Ploti ya babu. Na pahali pa kuchimba kingine hakuna, chini kote kumejengwa. Labda mwakani Ng'ang'a akishalipa sehemu nzuri, tunaweza kuongeza mkopo mwingine mdogo wa kujenga tanki la maji taka. Nimeshaanza kuuliza.

Lile swali lako lingine, tutazungumza nikija.

Mtunze mguu. Usimchape Ng'ang'a, ana presha.

Wangeci


Kapsoya
12 Mei 2024

Wangeci,

Salamu ni fupi. Mvua haijanyamaza siku hata moja wiki hii. Choo kimejaa kikapasuka upande, na kile kitu kilitembea wazi, mbele ya macho, kikapita kwenye mlango wa kuku, kikafika kwa kisima. Maji ya kisima yamepanda mpaka karibu na mdomo. Yana rangi ya chai.

Mama Opondo ni mgonjwa. Alianza na kichwa, kisha homa, sasa tumbo. Anasema ni malaria. Mpaka asubuhi alikuwa amelala kwa kitanda cha Jeconia akakataa uji wangu, na yeye hajawahi kukataa uji wangu hata ukiwa umeungua.

Nimemwambia Opondo ampeleke hospitali kubwa. Wamekwenda leo kwa gari ya mchungaji.

Hukunijibu.

Waithira


Nairobi
30 Mei 2024

Shosho,

Barua yako ya tarehe kumi na mbili nimeipata leo. Ilikuwa imekwama kwa sababu mabasi yalisimama wiki nzima daraja likikarabatiwa. Nimeogopa. Nilijaribu kumpigia Ng'ang'a, hapokei, nikadhani ni zile hasira zake.

Mama Opondo anaendeleaje? Tafadhali mwambie asiondoke hospitali mapema hata kama anaona ana nguvu, namjua, atataka kurudi kwa kuku zake. Bili isiwe shida, nitalipa yote, Opondo anitumie tu. Leso yake nimeiweka juu ya begi ili nisiisahau. Nitakuja wikendi ya kwanza ya Juni. Mwambie nitamfunga mwenyewe kichwani.

Nimeongea na mkuu wangu kuhusu ile habari ya tanki la maji taka. Amesema ni wazo zuri, niandike pendekezo.

Nijibu haraka, Shosho. Hata kwa simu ya mtu.

Wangeci


Kapsoya
16 Juni 2024

Wangeci mwana wa mwanangu,

Ulikuja wikendi ile ukakuta nyumba imefungwa, sisi tuko mazishini, wapangaji wamemwambia Ng'ang'a. Ameniambia uliketi kwa ngazi mpaka jioni, ukaacha leso kwa msumari wa mlango. Nimeiona.

Awuor alikufa tarehe ishirini na tatu Mei. Ulipokuwa unaandika uniulize anaendeleaje, alikuwa mochari. Nitaandika jina lake leo, Awuor, kwa sababu huyo hakuwa mama wa Opondo peke yake.

Ilikuwa taifodi. Daktari alisema utumbo ulitoboka. Nilimuuliza utumbo unatobokaje kama si bomba, akaniangalia kwa huruma, na mimi sipendi kuangaliwa hivyo. Siku ya mwisho alikuwa bado na mdomo wake. Nilimpelekea sabuni na soksi. Akaniambia, "Mama Isaiah, hizi soksi ni za Mburu." Nikasema ndiyo, Mburu hazihitaji. Akasema, "Basi nitamrudishia mwenyewe." Nikamwambia nyamaza, nesi atadhani wewe ni mchawi. Nesi alicheka. Jioni ile akaenda.

Tulimsindikiza Ugenya. Nililala safari nzima nimeweka mkono juu ya sanduku, kwa sababu barabara ni mbaya na yeye hakupenda kurushwa. Walimzika kando ya Jeconia. Watu wa huko walinipa kiti cha mbele na nikaambiwa nizungumze. Mimi, ambaye kanisa zima hapa hunikimbia nikishika maikrofoni. Nilisimama. Nilisema tu, "Alikuwa jirani yangu," nikakaa.

Sasa nisikilize, kwa sababu hili sijaliandika kwa mtu na nitaliandika mara moja.

Mwaka ule wa fujo za uchaguzi, wewe ulikuwa mtoto kwa shangazi yako Nakuru. Vijana walikuja langoni kwetu. Sitasema walikuwa kabila gani, ujinga hauna kabila. Walikuwa wanasema sisi, mimi na Mburu, tumetia sumu kisimani ili tuwaue majirani. Walikuwa na panga na petroli. Awuor alitoka kwake na ndoo. Akateka mbele yao. Akachota kwa kata akanywa yote, akachota tena akanywa, maji yakimtiririka kifuani, akawaambia, "Haya. Kama ni sumu, ketini hapa mningoje nife. Kama si sumu, nendeni kwa mama zenu." Waliketi kweli, Wangeci. Waliketi kwa nyasi kumngoja afe. Alipika omena mbele yao. Wakaona aibu, wakaenda.

Ndiyo maana mtungi wangu wa kisimani hakuukataa hata siku moja. Opondo aliniambia hili baada ya mazishi, tukiwa wawili tu. Alimuuliza mamake kitandani, "Mama, wewe uliona alama nyekundu, ulisikia harufu, kwa nini ulikunywa?" Akamwambia, "Nikikataa maji ya Mama Isaiah, wale vijana watakuwa walisema kweli."

Na mimi? Mimi ninayemwambia mchungaji mahubiri yake ni marefu, mimi niliyechapa mtu wa ndevu na mwiko, sikuweza kumwambia mwanamke huyo neno moja wazi. Nilimwambia habari ya tanki. Nilimwambia habari ya dawa. Mvua za kwanza nilimjazia mtungi kwa maji ya tanki bila kumwambia, akaonja, akasema yananuka plastiki, akamwaga, akaenda kisimani mwenyewe akiimba. Sikumfuata nimwambie, "Awuor, usinywe. Ni mavi ya wapangaji wangu." Niliona haya. Yeye akanilindia haya yangu, na mimi nikailinda pia, tukailinda wote wawili mpaka akafa.

Ng'ang'a naye amesema. Tulipotoka Ugenya alishuka kwa gari akakaa chini barabarani kama mtoto. Alisema siku ile mlipopima ploti, fundi alitaka choo kiwe chini, upande wa kinamasi. Lakini hapo kingekula vyumba viwili. Na bila hivyo vyumba viwili hesabu ya benki haikufika. Alisema wewe ulikuwa umesimama pale na viatu vyako vya mjini. Alikuuliza tufanye nini. Ukasema, "Kiweke juu. Tutarekebisha baadaye."

Ulikuwa unalijua jibu la swali langu kabla sijaliuliza. Ukanitumia tanki.

Leso yako iko hapa. Sijui nimfunge nani.

Waithira


Nairobi
7 Julai 2024

Shosho,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Zote zinaanza kwa salamu na nikifika kwa salamu ninashindwa, kwa sababu siwezi kukuuliza majirani hawajambo.

Ni kweli. Nilisema hivyo. Nakumbuka hata jua lilikuwa upande gani. Nilidhani kisima ni kitu cha zamani, kwamba mabomba ya mji yangekuja hivi karibuni na hakuna mtu angekunywa humo tena. Nilidhani tuna wakati.

Wiki jana nilikuwa nizungumze mbele ya wageni kuhusu mafanikio ya mkopo wetu. Walikuwa wamechapisha picha kubwa. Ilikuwa picha ya vyumba vyetu, Shosho, vile vya rangi ya maziwa, na kwa pembeni unaonekana ukuta wa Mama Opondo na kuku wake mmoja. Nilisimama. Nikawaambia kwamba tumehesabu vyumba kila mahali na hatujahesabu choo hata kimoja. Nikawaambia jina lake. Mkuu wangu alisema nipumzike siku chache.

Sitasema ni kosa la Ng'ang'a. Usimchukie. Aliuliza, mimi nikajibu.

Ninataka kuuliza kitu na ninaogopa. Utanisamehe? Hata kama si sasa. Nataka tu kujua kama iko njia.

Wangeci


Kapsoya
4 Agosti 2024

Wangeci,

Nimekaa na barua yako. Sikuikasirikia. Niliiweka chini ya Biblia kwa sababu mezani panya wanapita.

Habari za hapa ni hizi. Wapangaji nimewapa notisi, wengi wameshahama. Mmoja wao, nesi anayeitwa Purity, alilia mlangoni, akaniuliza aende wapi na mtoto, nikampa gorogoro ya maharagwe. Sasa ninyi wa benki mtajua kwamba hata kufanya lililo sawa kunamuumiza mtu ambaye hakufanya kosa. Ng'ang'a alileta lori la kunyonya, likanyonya shimo mara tatu. Kisha akamwaga chokaa, akamwaga udongo, akajaza kwa mikono yake. Opondo alikuja kumsaidia. Sikumwita. Alikuja na sepetu yake akafanya kazi kutwa, jioni akasema, "Mama Isaiah, hii jembe yenu ni butu." Nilijua basi kwamba ataweza kuja tena.

Kisima nimekifunga. Mtu wa afya anasema kinaweza kupona ikipita miaka, au kisipone, kwa sababu mashimo ya majirani bado yako yote juu yetu, na la kwetu lilikuwa moja tu. Nimeanza kutembea mlango kwa mlango kuwaambia. Wengine wananisikiliza. Wengine wananiambia, "Shosho, wewe ulikula kodi yako, sasa unataka sisi tufunge?" Na wana haki kuniambia hivyo. Kesho nitarudi kwao.

Barua ya benki yako imekuja, ya kwanza. Ina lugha nzuri. Itakuja ya pili, kisha waje wa mnada. Waje. Nitawapa viti. Nitawaambia hii ni ploti ya Mburu, alinunua kwa jasho la kuchunga ng'ombe wa watu, na mjukuu wake aliikopea vyumba, na vyumba vikaua mtu. Mnunuzi asikie akiwa bado na pesa yake mfukoni. Kama atainunua baada ya hapo, basi hata mimi sitaki kuishi karibu naye, nitaenda kwa dada yangu kule Moi's Bridge nikachambue mahindi.

Usifikiri sijali. Usiku nasikia mabati yakilia kwa baridi na najua kila bati liko wapi.

Leso nimempa mke wa Opondo. Alijifunga akaangalia chini.

Umeuliza kama nitakusamehe. Mimi si redio nikuwekee wimbo unaotaka. Sijui. Asubuhi nyingine naamka nikiwa nimekusamehe kabisa, nawasha moto nikiwa na wewe moyoni, na kabla chai haijachemka nimekukasirikia upya kama jana. Na mimi mwenyewe nikijitazama ni vivyo hivyo, kwa hivyo usidhani uko peke yako kwenye hiyo meza.

Usinitumie kitu tena. Si tanki, si dawa, si pesa. Kama wamekuambia upumzike, basi njoo upumzikie hapa. Kitanda chako kiko. Kuna maji ya kubeba kutoka mbali na mguu wangu umekataa. Hatutazungumza sana, na nitakugombeza, hilo unajua. Lakini uwe karibu, ili siku nitakapolijua jibu, isiwe lazima nitafute kalamu.

Waithira